Wasomaji Wanauliza: Je, Lugha Inaweza Kufundishwa Ndani ya Ulimwengu Pepe?

Katika toleo lililopita tuligusia habari za walimu wa nchi nyingine wanaowaingiza wanafunzi wao katika malimwengu pepe ili wajifunze lugha, na tangu hapo barua zimekuwa zikitufikia kutoka mikoa yetu ya Mtwara na Lindi. Nimechagua tano, na kila barua inafuatwa na jibu langu. Kwa msomaji aliyeikosa makala ile, ulimwengu pepe ni mahali palipotengenezwa ndani ya kompyuta, ambapo kila aingiaye hupewa umbo la kumwakilisha, liitwalo avata, na kupitia umbo hilo hutembea, hushika vitu, hujenga na huzungumza, kwa sauti au kwa maandishi, na wengine walioingia wakati huohuo. Ulimwengu huo si sinema, kwa sababu ndani yake halitokei jambo mpaka walioingia walitende wao wenyewe, na hapo ndipo mwalimu wa lugha anapopata nafasi yake.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya kata wilayani Masasi. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza wametoka shule za msingi walikosoma karibu kila somo kwa Kiswahili, na wakifika kwangu hukaa kimya hadi muhula unakwisha. Tuna kompyuta nane, projekta moja na intaneti ya kubahatisha. Je, malimwengu haya yanaweza kunisaidia, au ni mambo ya shule zenye fedha?

Mwalimu mwenzangu, yanaweza kukusaidia, lakini pengine si kwa njia uliyoitarajia. Nimefundisha Kidato cha Kwanza hapa Lindi kwa miaka mingi, na kimya unachokieleza nakifahamu. Mara nyingi si kimya cha mtoto asiyejua neno hata moja, bali ni kimya cha mtoto anayejua maneno mia tatu na anaogopa kuchekwa kwa lile la kwanza atakalolitamka. Akiwa ndani ya ulimwengu pepe, macho ya darasa zima hayamwangalii yeye. Yanaangalia umbo lililoko kwenye skrini, na likipotea njia kwa sababu maelekezo hayakueleweka, aibu inakuwa ya umbo hilo. Walimu wengi waliojaribu njia hii wamelisema jambo hilohilo, kwamba wanafunzi wanyamavu ndio wanaobadilika kwa haraka zaidi.

Hata hivyo, ningependa tusidanganywe na uzuri wa picha. Kinachofundisha lugha humo ni kuwapo kwa jambo ambalo watu wawili hawawezi kulikamilisha wasiposemezana. Ushahidi wake ni kwamba malimwengu ya kwanza hayakuwa na picha kabisa. Ulimwengu ulioanzishwa na Roy Trubshaw mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na kuendelezwa na mwenzake Richard Bartle, ulikuwa wa maandishi matupu: mchezaji alisoma kwamba yuko njiani, mbele yake pana msitu, naye akaandika anakotaka kwenda. Mwaka 1994 ukafunguliwa ulimwengu wa namna hiyo uitwao schMOOze University, uliokusudiwa hasa wanafunzi wa Kiingereza kutoka nchi mbalimbali, na humo kila chumba, kila mlango na kila mazungumzo yalikuwa maneno tu. Wanafunzi hao walijifunza kwa sababu walikuwa na watu wa kuzungumza nao na mambo ya kuzungumzia. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, Michael Long, alikuwa ameeleza sababu yake: mtu hunufaika sana pale anaposema, asieleweke, akaulizwa, akalisema jambo lake upya kwa namna nyingine. Darasa la watoto sitini, wenye daftari na ubao, hutoa nafasi chache mno za kutoeleweka na kujaribu tena.

Sasa tuje kwenye kompyuta zako nane. Hizo zinatosha, na intaneti huihitaji isipokuwa siku ya maandalizi. Ipo programu huria iitwayo Luanti, ambayo ilianzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Finland kwa jina la Minetest na ikabadilishwa jina mwaka 2024. Inafanana kwa sura na Minecraft, yaani ulimwengu wa matofali ambamo mchezaji hujenga na kubomoa, lakini hailipiwi, haihitaji kompyuta yenye nguvu kubwa, na pia hufanya kazi katika simu na vishikwambi vinavyotumia Android, kama vile vilivyogawiwa kwa walimu baada ya sensa ya mwaka 2022. Kompyuta moja huwa mwenyeji, nyingine saba huunganishwa nayo kwa ruta ndogo ya kawaida, na ulimwengu wenu huishi ndani ya chumba hicho bila bando hata moja. Siku utakayofika mahali penye mtandao mzuri, pakua programu yenyewe pamoja na mchezo wa kuwekwa ndani yake, kwa maana siku hizi programu hupakuliwa ikiwa tupu, na mwalimu asiyelijua hilo hurudi shuleni na kisanduku kisicho na kitu.

Usianze na kasri la Ulaya wala na mji ambao mtoto hajapata kuuona. Jenga ghala la korosho. Weka magunia, mzani, ofisi ya karani, mti wa mwembe nje na njia ya kuelekea barabara kuu. Mtoto wa Masasi analijua ghala; anajua kwamba korosho hukaguliwa, hupimwa, hupangwa kwa madaraja na kusubiri mnada. Kwa kuwa mambo yenyewe anayajua kwa Kiswahili, na wengine kwa Kimakua au Kiyao, mzigo unaobaki kichwani mwake ni lugha peke yake. Nimeona masomo mengi yakiharibika kwa sababu mwanafunzi alitwishwa vitu vigeni na maneno mageni kwa wakati mmoja.

Kwa kila kompyuta weka wanafunzi watatu. Wa kwanza hushika kipanya na kutazama skrini. Wa pili huipa skrini mgongo na kushika karatasi yenye ramani ya ghala, iliyowekwa alama mahali gunia fulani lilipofichwa. Yeye ndiye anayejua pa kwenda, lakini hawezi kwenda. Wa tatu ni mwandishi. Wawili wa kwanza hawaruhusiwi kuonyeshana kitu, nao husemezana kwa Kiingereza mpaka gunia lipatikane. Hapo ndipo utakapoona thamani ya mahali penye kina na pande. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalo neno "kwenye", linalotubebea mahusiano mengi ya mahali kwa mara moja, na mtoto huwa haoni sababu ya Kiingereza kuyagawa. Ubaoni atakariri vihusishi vyote na kuvisahau kabla ya Ijumaa. Ndani ya ghala, mwenzake akitumia neno la "nyuma ya" pale alipokusudia "kati ya", atamwona akipita gunia na kugonga ukuta, na wote wawili watajua neno gani limewapoteza bila mwalimu kusema kitu.

Kuhusu yule wa tatu, kazi yake ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Wenzake wakikwama kabisa, humnong'oneza kwa Kiswahili neno walilolikosa, naye huliandika katika daftari tunaloliita daftari la madeni. Robo saa ya mwisho kompyuta huzimwa, madeni ya makundi yote huandikwa ubaoni, na darasa hulipa: mwenye neno hulitoa, na lisilo na mwenyewe hutolewa na mwalimu. Somo la siku inayofuata hujengwa juu ya madeni hayo. Kwa njia hii Kiswahili hakifukuzwi darasani kama mhalifu, bali hupewa kazi inayoeleweka, na mtoto hajihisi kwamba anaadhibiwa kwa lugha ya mama yake.

Kwa kompyuta nane utafundisha wanafunzi 24 kwa kipindi, hivyo darasa la 60 utaligawa mara tatu, na hao wengine watahitaji kazi ya kufanya wakati huo. Hiyo ni shida ya kweli, na programu haitakuondolea. Kabla hujaanza, mrekodi kila mwanafunzi kwa simu akieleza kwa dakika moja namna ya kutoka darasani hadi getini. Baada ya wiki sita mrekodi tena. Usihesabu makosa tu. Hesabu pia ni mara ngapi ameuliza swali badala ya kunyamaza.

Shikamoo mwalimu. Nipo Lindi mjini, nimemaliza Kidato cha Sita. Je, ni lazima kuwa na ile miwani mikubwa inayovaliwa usoni? Bei yake hatuiwezi.

Marahaba, mwanangu. Si lazima. Miwani ile huonyesha uhalisia pepe, yaani humfanya mvaaji ajione amezungukwa na mahali hapo pande zote, lakini ulimwengu pepe wenyewe huingiwa kwa skrini ya kawaida, na ndivyo ulivyoingiwa kwa miongo kadhaa. Miwani huwaletea baadhi ya watu kizunguzungu, humtenga mvaaji na wenzake walio chumbani, na kwa somo la lugha hilo la pili ni hasara kubwa.

Ukitaka kuonja tu, mwaka 2014 Google ilitoa muundo wa kisanduku cha karatasi ngumu chenye lenzi mbili, kiitwacho Cardboard, ambacho simu hutumbukizwa ndani yake. Kampuni iliacha kukiuza mwaka 2021, lakini muundo wake bado unaweza kufuatwa na fundi mwenye mkono mwepesi, mradi simu iwe na kihisi cha kutambua mzunguko wa kichwa, ambacho simu nyingi za bei nafuu hazina.

Nitakupa jambo moja la kutazama, kwa sababu linatuhusu watu wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wetu, na kuipeleka Berlin, ambako mmoja wao, Giraffatitan, amesimamishwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili akiwa na kimo cha mita 13.27. Mwaka 2016 makumbusho hayo, yakishirikiana na Google, yalitengeneza video ya nyuzi 360 ambamo mnyama huyo anavikwa nyama na ngozi na kutembea mbele ya mtazamaji. Nilipowaonyesha vijana wa mtaani kwetu kwa simu, walikuwa na mengi ya kuuliza, na waliuliza kwa Kiingereza kwa kuwa maelezo ya video yalikuwa kwa lugha hiyo. Kiu ya namna hiyo hainunuliwi dukani. Inauma kwamba mtoto wa Lindi anamwona mnyama wa Lindi kwa njia ya Berlin, na ingefaa siku moja maelezo hayo yasikike kwa Kiswahili kilichosomwa na sauti ya mtu wa hapa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mikindani. Mwanangu wa miaka 12 anacheza kwenye simu michezo ya kujenga miji pamoja na watu asiowajua, na nikimkataza anasema anajifunza Kiingereza. Je, ni kweli, au ananizuga?

Mama yangu, anaweza kuwa anasema kweli na bado ukawa na haki ya kuwa na wasiwasi. Mtoto anayecheza na watu wa nchi nyingine hukutana na Kiingereza kilicho hai, cha haraka, chenye maagizo mafupi na, kwa bahati mbaya, matusi mengi. Atajifunza kile anachokisikia. Kaa naye kwa nusu saa, umwombe akueleze kwa Kiswahili kila kinachosemwa na kuandikwa humo. Akiweza kukufasiria, anajifunza. Akibabaika au akificha skrini, umekwisha kupata jibu.

Kuhusu usalama sitazunguka. Ulimwengu wa darasani, ambamo mwalimu anawajua wote walioingia, na ulimwengu wa wazi, ambamo mtu mzima anaweza kuvaa umbo la mtoto, ni vitu viwili tofauti kabisa, na sifa za wa kwanza zisitumike kuutetea wa pili. Malimwengu mengine yaliwekwa kwa ajili ya watu wazima tangu mwanzo: Second Life, uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya Marekani mwaka 2003, kwa kawaida haumruhusu aliye chini ya miaka 16, isipokuwa kwa mipango maalumu ya taasisi. Kampuni ya Meta, inayouza miwani niliyoitaja juu, iliweka umri wa miaka 13 na mwaka 2023 ikaushusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mwanao asitumie jina lake halisi, asitaje shule wala mtaa, asitume picha, na simu ichezewe sebuleni, si chumbani mlango ukiwa umefungwa. Mtu akimwomba wahamie kuzungumza mahali pengine kwa siri, mchezo huo uishe siku hiyohiyo. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto hapa nchini. Ifahamu wewe, na yeye pia aifahamu.

Lakini usimnyang'anye simu bila kumpa kingine. Kama wapo watoto wengine wanne wa jirani wenye hamu hiyohiyo, wanaweza kucheza pamoja katika ulimwengu wao wenyewe kwa Luanti, simu moja ikiwa mwenyeji, nao wakubaliane kwamba Jumamosi asubuhi ni Kiingereza tupu. Hapo utawajua wote, na mama zao unawajua.

Ninafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Mtwara, wengi wao wakiwa Ulaya, kwa njia ya video. Tumechoka kutazamana nyuso. Je, naweza kuwahamishia katika ulimwengu pepe, na je, Kiswahili kinafaa kufundishwa humo?

Ndugu yangu, barua yako ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu wengi wetu tukisikia habari ya lugha na teknolojia tunafikiria Kiingereza kwanza, nasi tunasahau kwamba Kiswahili ni lugha ambayo sarufi yake imejaa mahali. Viwakilishi vya -po, -ko na -mo humsumbua mgeni kwa miaka, kwa kuwa kwenye karatasi vyote vitatu anavitafsiri kwa neno moja. Mpeleke ndani ya chumba chenye sanduku na mwambie atafute ufunguo. Akiuliza, "Ufunguo uko wapi?" na wewe ukajibu, "Umo sandukuni," atafungua kifuniko, ukijibu, "Upo sandukuni," atautazama juu yake kwanza. Jibu moja humfikisha, jingine humpotezea muda, na mguu wake wenyewe ndio unaomsahihisha. Kisha ongeza funguo ziwe tatu, na bila kutangaza sarufi yoyote, "umo" itakuwa "zimo", naye atalazimika kuufuata upatanisho huo ili ajue kama anatafuta kimoja au vingi.

Vivyo hivyo kwa "hiki", "hicho" na "kile". Katika mazungumzo ya video hakuna umbali wa kweli baina yenu. Wewe ni uso na yeye ni uso. Katika ulimwengu pepe, yeye akisimama kando ya kikapu nawe ukawa upande wa pili wa gulio, kikapu ni "hiki" kwake na "hicho" kwako, na mtungi ulioko kisimani ni "ule" kwenu nyote. Mkibadilishana nafasi, maneno nayo yanabadilika. Sijui ubao unaoweza kulifanya hilo kwa urahisi kama huo.

Liko tatizo moja ambalo mwalimu wa Kifaransa au Kijerumani hakutani nalo kwa uzito tunaokutana nao sisi. Maamkizi yetu yanategemea umri. Mgeni akiingia ulimwenguni atakuta maumbo yote ni vijana, warefu, wenye afya, na hataweza kujua amwamkie nani "shikamoo" na amsalimu nani "mambo". Akizoea kusalimu kila mtu kwa namna moja, siku atakayoshuka Mtwara atamkosea heshima mzee wa kwanza atakayekutana naye. Kwa hiyo kila mshiriki apewe cheo na umri kabla hajaingia, na viandikwe juu ya jina lake: huyu ni bibi muuza samaki, huyu ni fundi seremala kijana, yule ni shehe wa mtaa. Waalike wazee wa kweli kama wanaweza. Bibi mmoja mwenye kusema taratibu na asiyeharakisha kumsahihisha mgeni anafaa kuliko vijana kumi wenye kompyuta mpya, na mjukuu anaweza kumshikia kipanya huku yeye akiongea. Nami ningetilia mkazo kwamba mgeni asipewe bidhaa mpaka amalize kuulizwa habari za nyumbani, za kazi na za safari, kwa kuwa ndivyo ununuzi unavyoanza kwetu.

Angalia pia saa. Sisi tukisema saa mbili usiku, mwanafunzi wako wa Ujerumani atahesabu saa nane usiku au saa nane mchana kwa hesabu yetu, na juu ya hilo kuna tofauti ya saa mbili kati yetu na wao wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa joto lao. Tundika saa ya ukutani mlangoni mwa ulimwengu wenu, yenye kusomwa kwa Kiswahili, na asomeshwe kila anayeingia.

Kuhusu mahali pa kujenga, kuwa mwangalifu na nyumba za kupanga. Mwishoni mwa mwaka 2010 Linden Lab ilitangaza kuondoa punguzo la nusu ya bei iliyokuwa ikizipa taasisi za elimu, na nyingi zikahama. Punguzo lilirudishwa mwaka 2013, lakini waliohama walikuwa wamekwisha kuhama. Huduma ya Mozilla iitwayo Hubs, iliyoanza mwaka 2018 na kupendwa na walimu kwa wepesi wake, ilifungwa tarehe 31 Mei 2024. Ukijenga katika programu huria, kama Luanti au OpenSimulator iliyoanza mwaka 2007, kazi yako hubaki mkononi mwako. OpenSimulator huweza kuhifadhi eneo zima katika faili moja, ukalihamishia kwenye kompyuta nyingine likasimama kama lilivyokuwa. Luanti yenyewe haina njia ya kuzungumza kwa sauti, hivyo mtazungumza kwa simu ya kikundi huku mkitembea, na kwa maandishi mtatumia kisanduku chake cha ujumbe. Mimi ningeanza na Luanti.

Na kama utanipa ruhusa ya kukushawishi, jenga Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yamepimwa kwa miale ya leza na wataalamu wa mradi uitwao Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa hiyo maumbo ya majengo hayo yanajulikana kwa usahihi mkubwa. Huhitaji usahihi wa leza kufundishia lugha, bali mpangilio tu: Msikiti Mkuu wenye kuba zake, ufukwe, na Husuni Kubwa yenye birika lake la pembe nane. Mwanafunzi mmoja awe msafiri wa mwaka 1331, mwaka ambao Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika pale, na wengine wawe wenyeji wanaomweleza njia, bei na adabu za mahali. Kitenzi cha wakati uliopita, ambacho ni kazi kukifundisha katika chumba kisicho na historia, kitapata mambo ya kusimulia: nani alijenga, nani alifika, bidhaa gani zilipita. Vijana wa Kilwa Masoko wanaotaka kazi ya kuongoza watalii wanaweza kuutumia ulimwengu huohuo jioni kwa upande wa pili, wakijifunza kuyaeleza magofu yao kwa Kiingereza au Kifaransa, nao wageni wako wakawa wasikilizaji wao. Hapo pande zote mbili zina kitu cha kutoa na kitu cha kupokea, na hakuna anayehitaji kumlipa mwenzake.

Mimi ni mkuu wa shule wilayani Nachingwea. Nimevutiwa na makala yenu, ila umeme wetu hukatika bila taarifa na wazazi wataniuliza kwa nini watoto wanacheza badala ya kusoma. Nifanye nini?

Mheshimiwa mwalimu mkuu, kwa wazazi sina dawa bora kuliko kuwaita. Waketishe wawili mbele ya kompyuta, mmoja akiwa na ramani na mwingine akiwa na kipanya, na uwaombe wafanye kazi ileile ya watoto kwa Kiswahili. Wataona wenyewe jinsi ilivyo vigumu kumwelekeza mtu kwa maneno matupu, na swali la mchezo halitaulizwa tena. Majina na picha za watoto zisiwekwe katika akaunti za mtandaoni bila idhini ya wazazi hao. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inaihusu shule kama inavyoihusu benki.

Kuhusu umeme, tumia kompyuta mpakato au vishikwambi kuliko kompyuta za mezani, kwa kuwa betri zake huvumilia hadi kipindi kiishe, na ruta ndogo huweza kuendeshwa na betri ya sola ya kuwashia taa. Kisha andaa kila somo kwa nakala mbili, moja ya kompyuta na moja ya karatasi. Ramani ile ya mwelekezaji ichapishwe pia ikiwa tupu, bila magunia wala alama. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, aliyekuwa na kipanya apewe ramani tupu na penseli, wageuziane migongo na mwenzake, naye achore anachoelekezwa hapohapo walipokuwa wamefikia, mwandishi akiendelea na daftari lake la madeni. Nimelifanya hilo mara nyingi hapa Lindi, na umeme uliporudi baadhi ya makundi yaliniomba niwaache kwanza wamalize kuchora.